Bustani Iliyochorwa Juu ya Theluji

Odarka Dmytriw aliweka mkasi wake mezani kwa mara ya mwisho Ijumaa tarehe 28 Oktoba 2016, saa tisa alasiri, siku kiwanda cha majaketi ya baridi alichokifanyia kazi hapa Winnipeg kilipofunga idara yake ya ukataji. Tarehe hiyo imo kwenye hati yake ya mwisho ya mshahara. Ipo pia picha ya pamoja, na saa ya ukutani inaonekana nyuma ya kichwa chake. Wenzake kwenye picha hiyo wanacheka. Yeye anaangalia pembeni, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, kulikuwa na kitambaa mezani ambacho hakijamalizwa.

Alikuwa mkataji. Kazi ya mkataji ni kutandaza vitambaa tabaka juu ya tabaka, kuchora umbo la jaketi kwa chaki kwenye tabaka la juu, kisha kupitisha kisu cha umeme hadi chini bila mkono kutetemeka. Sheria ya meza ile ilikuwa moja: chaki ya kwanza ndiyo chaki. Anayechora, akasita, akachora tena pembeni, huishia kukata katikati ya mistari miwili na kuharibu jaketi za kutosha basi zima la wanafunzi. Odarka hakuwahi kuchora mara mbili. Alilisema hilo bila majivuno, kama mtu anayetaja urefu wake.

Nyumbani hakukuwa na kitu cha kukata. Kufikia Krismasi yao ya Januari, kwa kalenda ya kale ya kanisa lao, alikuwa ameshapanga upya kabati za jikoni, akazipangua, akazirudisha zilivyokuwa. Alifumua mapazia ya sebuleni na kuyashona tena kwa upindo mfupi zaidi, kisha akaona ni mafupi mno. Mumewe, Zenon, mstaafu wa karakana ya reli ambaye macho yake yameharibika kiasi kwamba anaona kingo za vitu lakini haoni katikati, alimfuatilia kwa masikio.

"Unazunguka kama mbwa anayetaka kutoka nje," alimwambia. "Keti, mama."

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Nilikuwa nimekaa."

Zenon alikuwa na jibu lake kwa mahangaiko hayo, na jibu lilikuwa jengo la wastaafu lililo ubavuni mwa kanisa. Majina yao yalikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri, na msimamizi alikuwa ameshadokeza kwamba nyumba moja ya ghorofa ya pili ingekuwa wazi msimu wa majani kudondoka.

"Kule chini kuna supu kila mchana," alisema Zenon. "Hakuna theluji ya kuzoa. Kanisani unakwenda na ndara."

"Na bustani?"

"Wanaruhusu vyungu kwenye roshani."

"Vyungu! Nipande nini kwenye chungu, Zenon? Aibu?"

Ukweli ni kwamba bustani ya Odarka ilikuwa tayari inamtia aibu. Katika mtaa wao wa upande wa kaskazini, ua wa nyuma usiolisha mtu huhesabiwa kama kitanda kisichotandikwa. Kiwanja chake cha mboga kilikuwa karibu na nyumba, chini ya mwelmi mkubwa, mti ambao matawi yake yametanda juu ya ua wake na wa jirani kama dari. Mwaka hadi mwaka dari hiyo ilizidi kuwa nzito. Majira yaliyopita bitiruti zake zilitoka kama gololi, na matango yakawa majani matupu. Rafu za chumba cha chini ya nyumba, ambazo zamani zilijaa mitungi ya kioo ya mboga za siki mpaka Zenon akalalamika hana pa kuweka vifaa vyake, zilibaki na safu mbili na vumbi.

Hapo ndipo walipopatana. Gari lilikuwa limeshauzwa kwa sababu ya macho ya Zenon, na banda lake bovu, lililokuwa mwisho wa ua kando ya uchochoro, lilibomolewa kabla ardhi haijaganda. Mahali pale palikuwa patupu. Odarka angehamishia bustani huko. Rafu zikijaa kufikia Septemba, wangebaki kwenye nyumba yao. Zisipojaa, angetia saini ya kuhamia jengo la wastaafu, na neno lisingerudiwa.

"Zijae, siyo zipendeze," alisema Zenon.

"Zijae."

"Na usinunue matango sokoni ukayatia kwenye mitungi. Sioni, lakini nina ulimi."

Odarka hakujua kuchora bustani ndogo kwenye karatasi. Kiwandani kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Februari, baridi ikiwa ya kukata pua, alichemsha maganda ya bitiruti mpaka maji yakawa mekundu pyu, akayamimina kwenye chupa ya plastiki ya sosi ya nyanya yenye mdomo mwembamba, akavaa buti na kutoka. Theluji ilikuwa imefika magotini na imekuwa ngumu juu, nyeupe, imenyooka. Hakuwahi kupata kitambaa kipana namna hiyo.

Alichora matuta matano pale lilipokuwa banda la gari. Akachora njia katikati, pana kiasi cha Zenon kupita na fimbo yake bila kukanyaga mmea. Kwenye pembe alisimika magongo ya hoki yaliyovunjika, ya watoto wao waliokwisha kuhamia mbali, Calgary, wakaacha kila kitu. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka adhuhuri. Jua lilipofika juu ya paa, kivuli cha mwelmi kililala uani kote: shina, mikono, vidole, mpaka kwenye uchochoro. Matuta yote matano yalikuwa ndani yake.

Alirudi jikoni akachemsha maganda mengine. Kisha akakichora kivuli nacho, ukingo kwa ukingo. Chaki ya kwanza.

Jirani yake wa upande wa mashariki, Remy Catacutan, alikuwa anatoka kazini. Anafua mashuka ya hospitali, na amezoea kuona vitu vyekundu kwenye vitu vyeupe. Alipanda juu ya rundo la theluji lililozika uzio akachungulia.

"Dada Odarka, umemchinja nani huku?"

"Bitiruti."

"Maskini. Alikuwa na familia?"

"Remy, njoo uone. Kivuli kimekula bustani yangu yote na hata sijaipanda."

Remy aliangalia ile michoro, kisha akaangalia mwelmi. Nusu ya shina iko upande wake. Matawi ya upande wake hufunika dirisha la chumba cha mama yake, bibi mwenye miaka zaidi ya tisini ambaye hushinda kwenye kiti akiwatazama kindi. Joto la Julai linapowashinda wengine mtaani, chumba kile hakihitaji feni.

"Unataka kuupunguza?" aliuliza.

"Kuupunguza hakusaidii. Angalia kinafika wapi."

"Unataka kuukata."

"Bila wewe siwezi. Ni wako pia."

"Nitamwuliza Nanay," alisema Remy, maana ndivyo anavyomwita mama yake, akashuka kutoka kwenye rundo.

Alirudi Jumapili na bakuli la tambi lililofunikwa kwa taulo.

"Nanay anasema ukate. Anasema yeye anakufa karibuni hata hivyo."

"Jamani, asiseme hivyo."

"Anasema hivyo tangu tuliposhuka kwenye ndege. Bado anakula kuliko mimi." Remy aliweka bakuli mezani. "Lakini mimi sijasema."

"Basi sema."

"Nilipokuwa zamu ya usiku mwaka mzima nani alikaa na mama yangu? Nitakukatalia nini, dada? Kata."

Odarka alisikia neno la mwisho. Hayo mengine aliyasikia baadaye sana.

Katika mji huu mwelmi hushughulikiwa wakati wa baridi. Ardhi ikiwa imeganda, lori zito linaingia uani bila kuchimba mitaro, na kuanzia tarehe mosi Aprili mpaka mwisho wa Julai sheria inakataza kuutia msumeno, kwa sababu jeraha bichi huwavuta wadudu wa gome, na wadudu hao hubeba kuvu inayoua mti na kuhamia kwa jirani. Wakataji wote hukimbizana na tarehe hiyo. Odarka aliwapigia wengi. Aliyepatikana alikuwa Réal Gosselin, mtu wa upande wa pili wa mto, mwenye lori lenye ndoo ya kumnyanyulia mkataji na ndevu zilizogandamana kama brashi. Nafasi yake pekee ilikuwa Ijumaa tarehe 31 Machi, siku ya mwisho.

Alikuja kuutazama kwanza. Aliugonga kwa ngumi, akazunguka, akatazama juu.

"Huu mzima," alisema. "Hauna ugonjwa wowote."

"Najua hauna."

"Sawa, bibi. Mti wako." Alitupia jicho upande wa Remy. "Wenu."

Zenon alitaka kujua kama magogo yangebaki. Kaka yake ana kibanda ziwani na jiko la kuni.

"Hata kijiti, mzee. Kuni za mwelmi haziwekwi. Ukiniibia gogo moja, wadudu watafuga familia ndani yake na majirani zako watanitafuta mimi."

"Gogo moja tu dogo. La kukalia."

"Mzee."

"Nimeuliza tu."

Kilichofuata ni mwezi wa Machi, na Machi ndio mwezi mbaya kwa mtu asiyeweza kutulia. Theluji haiyeyuki wala haikai. Odarka alitoka kila siku. Upepo ukipeperusha theluji mpya juu ya mistari yake, aliichora tena kwa kufuata magongo ya hoki. Matuta hayakumpa taabu. Kivuli ndicho kilichokataa. Kila alipotoka adhuhuri na chupa yake kukifuatisha upya, alikikuta hakifiki kwenye mstari. Mara ya kwanza kilipungua hatua moja. Wiki iliyofuata kilipungua zaidi. Kufikia katikati ya mwezi kulikuwa na ukanda wa jua kati ya mstari mwekundu na ncha za vidole vya mti, ukanda ambao mtu angeweza kulala ndani yake.

Alikuwa na maelezo. Kwanza ilikuwa theluji: imeshuka, imejikunja, kama kitambaa kilichofuliwa kabla ya kukatwa. Halafu yakawa magongo: yameinama. Saa zilipobadilishwa, kama kila Machi huku, na mji mzima ukasogeza mishale mbele kwa saa moja, alipata maelezo yaliyomridhisha zaidi.

"Siyo adhuhuri ya kweli tena," alimwambia Remy. "Serikali imeisogeza."

"Serikali imesogeza na kivuli?"

"Imesogeza saa. Mimi nachora kwa saa."

"Dada, kivuli chako kinakukimbia. Mimi ningekimbia pia. Unakifuata na chupa ya damu kila siku."

"Nilichora mara ya kwanza, ikatoka sawa. Sitachora mara ya pili."

"Lakini umechora mara ya sita. Nakuona dirishani. Nanay anahesabu, anashangilia."

Odarka alicheka, akarudi ndani, akasimama dirishani mpaka chai ikapoa. Aliwahi kumwambia Zenon jioni moja kwamba kuna kitu hakikai. Zenon alimjibu kwamba kitu hicho ni yeye. Alilala vibaya. Mchana alikata magazeti kwa ukubwa wa majani ya kabichi na kuyatandaza sakafuni sebuleni kuona yataingia mangapi kwenye tuta moja, akayaokota, akayatandaza tena kwa nafasi nyembamba zaidi. Hesabu ya mitungi ilimkaa kichwani kama wimbo mbaya. Kama jua lisingepatikana, mitungi isingejaa. Kama mitungi isingejaa, angesaini. Ili jua lipatikane, mti uondoke. Kila asubuhi aliupitia mnyororo huo kutoka mwanzo, na kila asubuhi ulishika, ila kipande cha kwanza kilikuwa kinasogea.

Ingekuwa rahisi kumpigia Réal. Alishika simu mara mbili. Lakini kiwandani mtu hasimamishi kisu kwa sababu ya hisia. Husimamisha kwa sababu ameona kosa, na anaweza kuweka kidole juu yake. Yeye hakuwa na pa kuweka kidole.

Tarehe 31 Machi ilianza na barafu na ikaendelea na matone. Réal aliingiza lori alfajiri kupitia uchochoroni, ardhi ikiwa bado ngumu, pamoja na mtu mmoja wa kulisha matawi kwenye mashine ya kusaga. Kabla ya saa nne mistari ya matuta ilikuwa imechanganyika kuwa rangi ya waridi, na maji ya waridi yalikuwa yanatiririka kuelekea uchochoroni.

"Bustani yako inaenda mtaroni," alisema Zenon, ambaye aliuona wekundu huo hata yeye, kwa pembe ya jicho.

Alitaka kuwapo. Mwelmi ulikuwapo siku waliponunua nyumba, na alisema ni adabu kuusindikiza. Odarka alimtolea kiti cha kukunja. Mwanga mkali humwumiza macho, kwa hiyo alimweka mbali na mashine, mwisho wa ua, katikati ya tuta la pili, ndani kabisa ya mstari alioukumbuka hata kama ulikuwa umefifia. Ndani ya kivuli. Akamfunika blanketi miguuni akarudi kusimama karibu na ngazi ya jikoni, mikono ndani ya mifuko, nje ya mifuko, ndani.

Réal alianza na upande wao. Tawi la kwanza lilishushwa kwa kamba, polepole, likagusa theluji bila kelele. La pili lilikuwa nene kama kiwiliwili cha mtu. Msumeno ulipolipita, mti wote ulitetemeka na kindi wawili wakaruka kwenda kwenye paa la Remy. Pazia la chumba cha Nanay lilikuwa limefunguliwa. Mashine ya kusaga ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma.

Ilikuwa adhuhuri, tawi la tatu likishuka, ndipo Zenon alipopiga kelele.

"Odarka! Umeniweka juani makusudi?"

"Uko kivulini!"

"Kivuli kipi? Nimevua kofia. Nimefungua koti. Nikivua kingine majirani watakuja kulalamika."

Odarka alidhani ni kwa sababu ya matawi yaliyokatwa. Alikwenda, akashika mgongo wa kiti na kukivuta, mumewe akiwa juu yake, hatua chache kuelekea mtini. Bado uso wa Zenon ulikuwa umekunjamana kwa mwanga.

"Bado."

Akavuta tena. Kiti kiliacha mitaro miwili kwenye theluji laini.

"Bado, mama. Unanipeleka wapi, Calgary?"

Akavuta mpaka wakatoka kwenye matuta yote matano, wakapita magongo ya hoki, wakafika penye nyasi za zamani, na hapo ndipo kivuli kilipoanza. Hakikuwa kivuli cha matawi ya upande wao, yale yaliyoondoka. Kilikuwa kilele cha mti, sehemu ambayo Réal alikuwa bado hajaigusa. Odarka alisimama akaangalia nyuma. Mitaro miwili ya miguu ya kiti ilinyooka kutoka tuta la pili mpaka alipokuwa. Alikuwa amekipima kivuli kwa uzito wa mume wake. Februari kilifika uchochoroni. Leo hakifiki kwenye gongo la kwanza. Na jua lilikuwa na Aprili nzima, na Mei, na Juni za kupanda juu zaidi.

Saa haikuwa na kosa, wala theluji. Alikuwa amechora kivuli cha mwezi wa Februari na kukiita kivuli cha mti. Mahali penye banda la gari hapakuwahi kuonekana na mtu yeyote wakati wa kiangazi, kwa kuwa banda lilikuwapo. Yeye alipaona wazi kwa mara ya kwanza wakati jua lilikuwa limelala chini kuliko wakati wowote wa kupanda. Kitambaa hulala mezani na hubaki kilivyo. Alikuwa ameutandaza ua kama kitambaa.

Sasa kidole chake kilikuwa na pa kuwekwa.

"Mikono!" alipiga kelele.

Ndiyo kelele ya meza ya ukataji. Ikipigwa, kila mtu huachia alichoshika na kisu huzimwa, bila kuuliza. Réal hakuwahi kufanya kazi kiwandani na hakujua neno hilo lina maana gani pale, lakini alizima msumeno.

"Nani kaumia?"

"Hakuna. Shuka."

Alishusha ndoo mpaka usawa wa uzio, hakutoka ndani.

"Bibi, sikiliza. Kesho ni mosi. Nikiondoka leo, sirudi juu ya huu mti mpaka Agosti. Siyo mimi, ni sheria. Una uhakika?"

"Sina."

"Basi niendelee?"

"Nimesema sina uhakika. Sijasema uendelee. Kivuli hakifiki kwenye bustani. Nilikosea."

Réal aliangalia bustani, ambayo kwa wakati ule ilikuwa madimbwi ya waridi na magongo saba ya hoki. Zenon ndiye aliyesema.

"Mwache amalize, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua. Majani yatatoka, utaanza upya. Utasema kivuli cha majani siyo kivuli cha matawi. Utatembea mpaka Septemba. Mwache amalize, ujue moja."

"Nikikata na haukuwa na kosa?"

"Utakuwa umekata mti. Watu hukata miti."

"Na nikiuacha, na bitiruti zikatoka kama gololi?"

"Basi unasaini," alisema Zenon. Hakulisema kwa ukali. "Mimi sitabishana na mti mwezi wa tisa. Patano ni lile lile. Sihesabu vivuli, nahesabu mitungi."

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na lilimkuta amesimama kwenye maji. Mti ukiondoka, jua lilikuwa la hakika na nyumba ilikuwa karibu mkononi mwake. Ukibaki, alikuwa anaiweka nyumba rehani kwa mitaro miwili ya kiti kwenye theluji. Alitazama dirisha la Nanay. Bibi alikuwa amesimama, jambo ambalo hafanyi mara nyingi.

"Lile lile," alimwambia Zenon. Kisha kwa Réal: "Shuka."

Remy alitoka nyumbani kwake na viatu vya ndani, koti likiwa limetupwa mabegani.

"Nini tena? Kimetokea nini?"

"Nimesimamisha."

"Umesimamisha." Remy aliutazama mwelmi. Upande wa Dmytriw ulikuwa umebaki na vishina vitatu vyeupe. Upande wake ulikuwa kamili, matawi yamenyooshwa juu ya paa lake. "Dada, nimelia wiki tatu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unachora."

Remy alijifuta pua kwa mkono wa koti, akautazama tena mti, kichwa upande.

"Aisee. Unaonekana kama kinyozi amekwenda kula."

"Atarudi Agosti," alisema Réal.

"Mwambie ale taratibu."

Walipakia matawi yaliyosagwa, wakafagia vumbi la mbao, wakaondoka kabla ardhi haijalainika kabisa, ingawa gurudumu moja la nyuma liliacha shimo ambalo bado lipo. Réal alisema majeraha yangekauka kabla wadudu hawajaamka, kwa kuwa yalikuwa safi na usiku ulikuwa bado wa baridi. Alisema pia kwamba mti uliokatwa upande mmoja huegemea upande mwingine, na kwamba ungefaa kusawazishwa. Odarka alimwuliza kama ungeanguka. Alisema hapana. Alimwuliza tena akiwa ameshawasha lori.

Wiki zilizofuata hazikumpa utulivu. Theluji ilikwisha na michoro yake yote ikaondoka nayo; hakuchora mingine. Hutoka adhuhuri, anasimama pale tuta la pili litakapokuwa, na kufumba macho kuona kama jua linapenya kope. Halafu anakwenda tuta la tano. Halafu anarudi. Remy amemwambia kwamba Nanay ameacha kutazama kindi na sasa anamtazama yeye, na kwamba ni burudani iliyo bora. Jambo ambalo Odarka analiogopa, alisema, si mwelmi tena. Ni kwamba kwa miaka yote aliamini mkono wake kuliko macho yake, na sasa macho hayo hajui kuyatumia. Alilisema hilo akiwa anang'oa mzizi wa magugu kwa kisigino, bila kuangalia chini.

Zenon naye hajabadilika. Ameshakwenda mara moja na basi kuonja supu ya jengo la wastaafu. Aliporudi alisema ni nyepesi. Odarka aliuliza nyepesi kiasi gani. Alisema ni nyepesi, lakini inanyweka.

Mbao za kuzungushia matuta zitaletwa Jumanne ijayo. Viazi, bitiruti na matango vitapandwa wikendi ndefu ya Mei, Jumamosi tarehe 20, hali ya hewa ikiruhusu. Mwelmi hautaguswa mpaka Agosti.